Somo la 9: Nguvu ya Kundi Dogo

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Waamuzi 7:1–22; Matendo 16:11–15; Wafilipi 4:10–19; Mathayo 18:15–20; Ufunuo 3:7–22; Warumi 16:3–5; Mathayo 13:31–33.

Fungu la Kukariri: Luka 12:32. Lifungue katika Biblia yako, lisome kwa sauti mara tatu, kisha lifunge kitabu na ulirudie. Angalia mambo matatu ndani yake: Kristo anawaita wanafunzi wake jina gani, anawakataza nini, na Baba ameona vema kuwapa nini.

Katika mwalo wa Katonga, Manispaa ya Kigoma Ujiji, kazi ya wavuvi wa dagaa huanza wakati watu wengine wanafunga milango. Usiku wa giza, mwezi usipoonekana, taa huwashwa juu ya Ziwa Tanganyika, moja hapa na nyingine kule, mpaka ziwa linaonekana kama mji. Dagaa huufuata mwanga, nao wavuvi huuinua wavu. Alfajiri mzigo hushushwa, akina mama huupokea, na jua likipanda dagaa wametandazwa wakauke.

Ziwa hili lina urefu wa kilometa zaidi ya 650, na kina chake kinakaribia mita 1,470. Ni la pili kwa kina duniani. Ndani yake wamo kuhe, sangala na migebuka. Lakini jina la Kigoma halikufikishwa katika masoko ya Dodoma na Dar es Salaam na samaki wakubwa. Limefikishwa na dagaa, samaki asiyezidi urefu wa kidole. Mdogo ndiye aliyesomesha watoto, na mdogo ndiye aliyejenga nyumba.

Kando ya ziwa hilo, kama ilivyo vijijini na mijini kwetu kote, yako makundi madogo ya waumini. Mengine yana washiriki kumi na wawili, mengine hayafiki hapo. Hayana jengo la kudumu, hayana kwaya yenye sare, na mchungaji wa mtaa huwafikia mara chache kwa kuwa ana makanisa mengi ya kuyatunza. Sabato asubuhi mtu mmoja hufungua kikao, huyohuyo huongoza wimbo, tena huyohuyo hufundisha lesoni. Akiugua, ibada nzima huyumba.

Je, kundi kama hilo ni kanisa, au ni kanisa ambalo bado halijawa? Je, Mungu analitazama kwa huruma tu, au anaona ndani yake nguvu ambayo sisi hatuioni? Hayo ndiyo tutakayojifunza juma hili.

Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya maandalio ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Mungu na Hesabu Zetu

Soma Waamuzi 7:1–8. Kwa nini Mungu alilipunguza jeshi la Gideoni? Sababu aliyoitoa katika fungu la 2 inasema nini juu ya moyo wa mwanadamu?

________________________________________

Gideoni alianza na watu 32,000. Wamidiani walikuwa wengi kama nzige, na kwa hesabu ya kawaida hata hao 32,000 hawakutosha. Ndipo Bwana akasema ni wengi mno. Walioogopa wakaruhusiwa kurudi, na watu 22,000 wakafunga safari ya nyumbani. Hebu fikiri ilivyokuwa kwa Gideoni kuziona nyuma za watu zikipungua njiani. Wakabaki 10,000. Bwana akasema bado ni wengi. Baada ya jaribio la majini wakabaki 300.

Mara nyingi tunaposimulia habari hii tunarukia ushindi. Tusimame kwanza kwenye fungu la 2. Mungu hakuwapunguza kwa sababu anachukia wingi. Huyu ndiye aliyemwahidi Ibrahimu uzao kama nyota. Aliwapunguza kwa sababu aliijua hatari iliyokuwa mbele yao: wangeshinda, kisha wangejisifu kuwa mkono wao wenyewe umewaokoa. Kushindwa kungewaumiza kwa siku chache. Kiburi kingewaangamiza kwa miaka.

Soma sasa Waamuzi 7:19–22. Kila mmoja wa wale 300 alikuwa na vitu gani mikononi? Fungu la 21 linasema walisimama wapi?

________________________________________

Kila mtu alikuwa na tarumbeta, mtungi na mwenge. Na kila mtu alisimama mahali pake kuizunguka kambi. Neno hilo ni la muhimu kwetu. Katika jeshi la watu 32,000 mtu mmoja akilala hakuna atakayejua. Katika jeshi la watu 300 walioizunguka kambi nzima, mmoja akiondoka panabaki pengo la giza.

Hii ndiyo nguvu ya kwanza ya kundi dogo: kila mtu anahitajika, na kila mtu anajua kwamba anahitajika. Katika kanisa kubwa mtu anaweza kuhudhuria miaka kumi bila kuombwa kusali hadharani. Katika kundi la watu tisa, kijana aliyebatizwa mwezi uliopita anapewa kusoma fungu, mwezi unaofuata anaongoza maombi, na mwaka haujaisha anafundisha watoto. Ndivyo wahudumu wengi wa kanisa letu walivyolelewa.

Hata hivyo tuwe wakweli. Udogo peke yake si utakatifu. Wale 300 hawakushinda kwa sababu walikuwa wachache. Walishinda kwa sababu Bwana alikuwa pamoja nao na wao wakasimama mahali pao. Kundi dogo lililolala ni dogo na limelala.

Tafakari: Katika kundi lenu, mahali pako ni wapi? Ukikosekana Sabato moja, ni mwenge gani unaozimika?

JUMATATU
Kando ya Mto

Soma Matendo 16:11–15. Paulo alipofika Filipi alilikuta wapi kusanyiko la kusali? Lilikuwa na akina nani?

________________________________________

Filipi ulikuwa mji mkubwa wa Makedonia, koloni la Warumi. Katika miji mingine Paulo alizoea kuingia katika sinagogi siku ya Sabato. Hapa Luka hataji sinagogi. Anatuambia tu kwamba siku ya Sabato walitoka nje ya lango, wakaenda kando ya mto, wakawakuta wanawake waliokutanika. Hawakuwa na jengo wala mimbari, walikuwa na mto na Sabato tu.

Mmoja wao, Lidia wa Thiatira, mfanyabiashara wa rangi ya zambarau, alifunguliwa moyo na Bwana. Akabatizwa pamoja na nyumba yake, kisha akawalazimisha wageni wakae kwake. Baadaye akaongezeka mlinzi wa gereza na watu wa nyumbani mwake. Kwa hesabu ya ripoti zetu za robo, kazi ya Filipi ilikuwa ndogo sana, na mhubiri mwenyewe aliondoka mjini akiwa na alama za viboko.

Soma Wafilipi 4:10–19. Kusanyiko lile lililoanza kando ya mto lilikuja kufanya nini ambacho makanisa mengine hayakufanya?

________________________________________

Miaka ilipita, Paulo akawa kifungoni. Waliomkumbuka ni Wafilipi. Walimtuma Epafrodito na msaada, na Paulo anashuhudia kwamba tangu mwanzo hakuna kanisa lililoshirikiana naye katika kutoa na kupokea ila wao peke yao. Katika 2 Wakorintho 8:1–5 anasema makanisa ya Makedonia yalitoa katika umaskini mwingi, tena kupita uwezo wao. Ukarimu ulioanza na chumba cha wageni cha Lidia ukawa tabia ya kanisa zima.

Watu wa ziwani wanaijua maana ya mafungu haya. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana. Lilikuwa jambo la faida kwa ziwa, lakini miezi mitatu ni mirefu kwa nyumba inayokula kwa mtumbwi. Anayevua hakupata, anayekausha dagaa hakupata, mbeba mizigo hakupata, na mama anayeuza chai mwaloni hakupata.

Wakati kama huo kundi dogo linaweza kufanya jambo moja ambalo chombo kikubwa hulifanya kwa shida: linajua. Halihitaji fomu wala kamati ili kugundua kwamba kwa fulani hakujawashwa moto tangu jana. Mwenye shamba la mihogo analeta unga, mwenye michikichi analeta chupa ya mawese, mwenye cherehani anashona sare ya mtoto wa mwenzake bila malipo. Dorkasi ya watu wanne, inayojua milango ya kubisha, inaweza kuwahi kuliko mfuko mkubwa usiojua uanzie wapi. Na wala haiishii kwa washiriki. Ujiji na Kigoma majirani zetu wengi ni Waislamu. Sahani ya chakula haiulizi dini ya mlaji.

Tafakari: Kama kipato cha nusu ya washiriki wenu kingekatika kwa miezi mitatu, nani angejua kwanza, na baada ya siku ngapi?

JUMANNE
Wawili au Watatu

Soma Mathayo 18:15–20 kwa utaratibu. Ahadi ya fungu la 20 imewekwa baada ya maneno yanayohusu jambo gani?

________________________________________

Wengi wetu tunaijua ahadi ya fungu la 20. Tunaisema kila ibada inapokuwa na watu wachache, hasa mvua inaponyesha. Lakini mara nyingi tunaisema kama faraja ya kufidia viti vilivyo wazi. Tazama mahali Kristo alipoiweka. Alikuwa anazungumza juu ya ndugu aliyemkosea ndugu yake. Kwanza nenda wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Asiposikia tena, liambie kanisa. Ndipo anasema kwamba wawili au watatu wakikusanyika kwa jina lake, yeye yupo katikati yao.

Kwa hiyo ahadi hii inawahusu hasa watu wawili waliokosana, wanaokaa chini kutafuta amani mbele za Kristo. Anaahidi kukaa katikati, mahali palepale ambapo ugomvi ulikuwa umekaa.

Kundi dogo linaihitaji ahadi hii kuliko kanisa kubwa. Katika kanisa la watu mia nne, waliokosana wanaweza kukaa pande mbili za jengo na kutoka kwa milango tofauti. Katika chumba cha watu kumi hakuna upande wa pili. Mkopo wa nyavu usiolipwa, neno lililosemwa kisimani, posa iliyokataliwa, jambo moja kama hilo laweza kulipasua kundi katikati. Hatari nyingine ni kwamba kundi dogo hugeuka kwa urahisi kuwa mali ya ukoo mmoja. Baba ni mzee wa kanisa, mama ni mkuu wa Dorkasi, mtoto ni karani, na mgeni akiingia anajiona ameingia sebuleni mwa watu. Makundi mengi yaliyokufa hayakuuawa na mateso ya nje. Yaliuawa na mambo ambayo hakuna aliyethubutu kuyazungumza ana kwa ana.

Linganisha Mathayo 18:15 na desturi zetu. Kwa nini ni rahisi zaidi kumwambia mtu wa tatu kuliko kumwendea aliyetukosea?

________________________________________

Wahenga walisema vikombe vilivyo kabatini havikosi kugongana. Kundi linaloketi pamoja kila Sabato, na kukutana katikati ya juma kwa maombi, litagongana. Swali ni kama wataitii hatua ya kwanza ya Kristo, ile ya wewe na yeye peke yenu. Wakiitii, udogo uleule uliofanya ugomvi uwe mkali unaufanya upatanisho uonekane. Watoto wanawaona watu wazima wakiombana msamaha. Jirani anasikia kwamba wale waliokuwa hawasalimiani sasa wanakwenda sokoni pamoja. Hayo ni mahubiri ya hadhara yasiyohitaji kipaza sauti.

Tafakari: Yuko ndugu au dada ambaye humsalimii kwa moyo? Unaweza kumwendea kabla ya Sabato hii?

JUMATANO
Nguvu Kidogo, Mlango Ulio Wazi

Soma Ufunuo 3:7–13, kisha 3:14–22. Kristo anasema nini juu ya nguvu za Filadelfia? Na Laodikia inasema nini juu yake yenyewe?

________________________________________

Kati ya makanisa saba ya Asia, mawili tu hayakupewa karipio lolote, Smirna na Filadelfia. La kwanza lilikuwa maskini na katika dhiki, la pili Kristo mwenyewe anakiri kwamba lina nguvu kidogo tu. Kanisa lililojiona tajiri, lisilohitaji kitu, ndilo lililomwacha Bwana akibisha hodi nje ya mlango wake mwenyewe.

Ona jinsi Kristo anavyosema na Filadelfia. Hawaambii kwanza waongezeke ndipo awafungulie mlango. Mlango umekwisha kufunguliwa, na hakuna awezaye kuufunga. Walichosifiwa ni mambo mawili: wamelitunza neno lake, na hawakulikana jina lake. Hilo ndilo lililokuwa ndani ya uwezo wao, nao walilifanya.

Tuseme yuko kijana wa mwaloni, kibarua katika mtumbwi wa tajiri. Amejifunza Biblia, ameikubali Sabato. Siku ya Maandalio imefika, jua linaelekea milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Wenzake wanapakia taa. Ni usiku wa giza, dagaa wapo, na tajiri hana subira na mtu anayesema leo siendi. Akibaki nchi kavu, anapoteza mgawo wa usiku huo, na huenda akapoteza nafasi yake kabisa. Ana mke na mtoto mchanga.

Ni nini kitakachomshika kijana huyo? Fundisho analijua. Lakini usiku ule anahitaji pia mlango wa kwenda. Kama washiriki saba wanafungua Sabato pamoja katika nyumba moja, wakaimba, wakasali, wakala pamoja, kisha mmoja akasema Jumapili nitakupeleka kwa tajiri mwingine ninayemfahamu, kijana huyo ana mahali pa kusimama. Kama kila mmoja anafungua Sabato kwake na kumwambia tutaonana kesho, amebaki peke yake na taa za wenzake ziwani. Wapo waliorudi majini usiku huo, wala hawakurudi kwetu.

Soma 1 Samweli 14:6 na Zekaria 4:6–10. Mafungu haya yanatufundisha nini juu ya njia ambayo Mungu huitumia kuokoa?

________________________________________

Waswahili husema dau la mnyonge haliendi joshi, na likienda joshi ni Mungu amependa. Filadelfia ilikuwa dau la namna hiyo. Haikuwa na matanga makubwa, lakini Yeye aliye na ufunguo wa Daudi alipenda, ikaenda.

Tafakari: Ni mlango gani ambao Bwana ameufungua mbele ya kundi lenu, ambao hamjauingia kwa sababu mnangoja kwanza muwe wengi?

ALHAMISI
Mbegu na Miaka Yake

Soma Mathayo 13:31–33. Mifano hii miwili inafanana katika nini? Inatofautiana katika nini?

________________________________________

Haradali inaonekana ikikua. Chachu haionekani, inafanya kazi ndani ya unga. Yote miwili huanza na kitu kidogo, na yote miwili huhitaji muda. Anayeufunua unga kila dakika tano hausaidii uumuke.

Historia ya pwani hii ya ziwa ina fundisho kuhusu muda. Watu wengi wanaijua Ujiji kwa sababu ya mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone. Wachache wanakumbuka kilichofuata. Mwaka 1878 watu wachache wa Shirika la Misheni la London walifika Ujiji kuanza kazi ya Injili. Mmoja wao, Thomson, alifariki mwezi mmoja hivi baada ya kufika. Mwaka uliofuata Dodgshun naye alifariki Ujiji, siku chache tu baada ya kuwasili. Baharia wao, Hore, aliendelea kulizunguka ziwa na kuchora ramani ya mwambao wake. Kituo chao cha Ujiji hakikudumu. Kwa macho ya siku zile ilikuwa hasara tupu. Leo katika mji uleule na vitongoji vyake jina la Kristo linatajwa katika makusanyiko mengi. Si kila apandaye ndiye avunaye (Yohana 4:36–38).

Kazi ya Waadventista Wasabato katika nchi yetu nayo ilianza kwa udogo. Mwaka 1903 wamisionari wawili kutoka Ujerumani, Ehlers na Enns, walifika Dar es Salaam, wakapanda hadi milima ya Upare Kusini na kuanzisha kituo Giti. Wawili tu. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku, mwaka 1916 kazi ya wamisionari wa Kijerumani ilikatizwa. Makusanyiko yakabaki mikononi mwa waumini wenyeji, vijana katika imani, bila mishahara na bila wageni wa kuwaongoza. Wangeweza kutawanyika. Lakini wapo walioendelea kukusanyika, na vita ilipokwisha imani ilikuwa ingali hai. Huku kwetu magharibi, vilima vya Mkoa wa Kigoma vilikuja kupata hospitali ya Heri mwishoni mwa miaka ya 1940, na wagonjwa wengi walilisikia jina la kanisa letu kwa mara ya kwanza wakiwa kitandani.

Tukirudi nyuma zaidi, Konferensi Kuu ilipoundwa mwezi Mei 1863 huko Battle Creek, Marekani, Waadventista wote duniani walikuwa kama 3,500. Leo ni zaidi ya milioni 22. Hata Shule ya Sabato tunayoifurahia ilianza na masomo ambayo James White aliyaandika mwaka 1852 kwa ajili ya vijana, akiwa safarini kwa gari la farasi. Kila darasa linaloketi kwa duara Sabato asubuhi ni tunda la mbegu hiyo.

Soma Warumi 16:3–5, Wakolosai 4:15 na Filemoni 1–2. Kanisa lilikutana wapi? Hilo linakuambia nini kuhusu sebule yako, ua wako, au kivuli cha mwembe wako?

________________________________________

Paulo hakuliita kusanyiko la nyumbani mwa Prisila na Akila tawi, wala jaribio. Aliliita kanisa, akalitumia salamu.

Tafakari: Ni nani aliyepanda mbegu ya imani mahali penu? Je, aliishi kuyaona mavuno?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Mwaka 1902, katika kitabu cha 7 cha Shuhuda kwa Kanisa, Ellen G. White alishauri kwamba makundi madogo yawe msingi wa juhudi ya Kikristo. Alisema mpango huo aliuonyeshwa na Yeye asiyeweza kukosea. Makanisa yenye washiriki wengi aliyashauri yagawanyike katika vikundi vidogo ili kuwatumikia washiriki na wale wasioamini. Tena akawakumbuka wale walio peke yao: mahali ambapo ni wawili au watatu tu wanaoijua kweli, nao wajipange wawe kikundi cha kazi, wasikubali umoja wao uvunjike.

Angalia kwamba shauri hilo linayagusa makanisa yote. Kundi la mwaloni linaambiwa lisijidharau. Kanisa kubwa la mjini nalo linaambiwa lijifunze kuwa dogo, maana mtu hatunzwi na umati; hutunzwa na watu wanaolijua jina lake na hali ya nyumbani kwake. Makambi yanapokwisha na mahema yakang'olewa, mahali mtu anaporudi ndipo imani yake inapoishi au kufa.

Wala kundi dogo lisijitenge na mwili. Filipi ilimhitaji Paulo, na Paulo aliihitaji Filipi. Kundi linalokataa ushauri wa mchungaji wa mtaa, lisilofika makambini, na linaloificha zaka yake, limeuchukua udogo wake kuwa ngome ya kujifichia. Na kanisa mama linalolikumbuka kundi lake wakati wa ripoti tu, lijiulize kama linalea mtoto au linahesabu vichwa.

Dagaa mmoja mmoja hana nguvu ziwani. Usalama wake ni kwenda pamoja na wenzake, na tunajua kwamba gizani huufuata mwanga. Tukae pamoja, na tuufuate Mwanga ulio wa kweli. Hesabu tumwachie Baba, ambaye ameona vema kulipa kundi dogo ufalme mzima.

Maswali ya Kujadili:

1. Kundi lenu (au darasa lenu) likiambiwa lifungwe na kuunganishwa na kanisa kubwa la mjini, ni nani ambao hawangefika huko? Wataje moyoni mwako: wazee, wajawazito, watoto, watu wasio na nauli. Hilo linasema nini juu ya umuhimu wa kusanyiko lililo karibu?

2. Jadilini tofauti kati ya udogo wa uaminifu (Filadelfia) na udogo wa kupoa. Ni dalili zipi zinazoonyesha kwamba kundi linapungua kwa sababu limeacha upendo wa kwanza, wala si kwa sababu ya mazingira?

3. Mshiriki anapoteza kazi kwa ajili ya Sabato. Mbali na kumwombea, orodhesheni mambo matatu ambayo darasa lenu linaweza kumfanyia ndani ya juma moja. Nani atafanya lipi?

4. Katika kundi dogo watu wachache hubeba mizigo yote mpaka wanachoka. Soma Kutoka 18:17–23. Ni majukumu gani yanayoweza kukabidhiwa kwa vijana na washiriki wapya, na mnaogopa nini kuwakabidhi?

5. Mgeni akiingia katika ibada yenu Sabato ijayo, ataona familia ya Mungu au ukoo wa watu fulani? Mnaweza kubadili nini ili apate mahali pa kukaa?

6. Kabla ya kufunga, kila mmoja ataje jina la mtu mmoja aliyekuwa akikaa nasi na sasa hayupo. Gawaneni majina hayo. Mtamtembelea nani, na siku gani?